Kisima cha futi 45 na visima vya kampuni vya mita 100

SWALI: Kuna mpango wa kufungua mgodi wa dhahabu karibu na kwetu Ikolomani, Kakamega. Kampuni imechimba visima vinne vya kuangalia maji ya ardhini, vyote vya mita 100. Kwenye baraza la chifu, mtaalamu wao alisema maji ya visima vyetu vya mkono ni ya juu, na ya mgodi yatakuwa ya ndani ya mwamba, kwa hivyo hayakutani. Kisima changu kina futi 45 na hakijawahi kukauka. Je, ni kweli? Na visima vinne vinatosha? – Mama mkulima, Ikolomani

JIBU: Mama, alichosema kinawezekana, lakini hajakithibitisha, na kwa visima vya kina kimoja hataweza kukithibitisha.

Mwamba wa kwenu una zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ni lava na mashapo ya kale yaliyokandamizwa na kukunjwa, kisha granaiti ikapenya. Mwamba wa aina hiyo, pasipo na nyufa, haupitishi maji. Wengi wetu tumeambiwa kuna mto unaopita chini ya ardhi, kumbe haupo. Maji yamekaa mahali pawili. Juu kuna mwamba uliooza kwa mvua na joto la miaka mingi hadi ukawa udongo na changarawe. Kisima chako, ambacho ni kama mita 14, kinapata maji humo, na chemchemi nyingi za Kakamega vilevile. Chini yake ni mwamba mgumu, na maji yake yako kwenye nyufa tu. Pale ambapo udongo mfinyanzi umeziba katikati, maji ya juu hushuka polepole mno. Pale ambapo nyufa zimepanda hadi juu, ukivuta ya chini unavuta na ya juu. Hali zote mbili zaweza kupatikana katika kijiji kimoja.

Halafu kuna mashimo ya zamani. Dhahabu ilianza kuchimbwa Kakamega miaka ya 1930, mgodi wa Rosterman ukafungwa mwaka 1952, na wachimbaji wadogo wanashuka ardhini hadi leo. Shimo la namna hiyo laweza kuwa njia wazi kati ya maji ya juu na ya chini. Ombeni kuona kama yamo kwenye ramani ya kampuni.

Mgodi ukianza, maji yatavutwa kwa pampu usiku na mchana ili watu wafanye kazi pakavu. Usawa wa maji utashuka kuzunguka shimo, ila si kwa duara: katika mwamba wenye nyufa, hufuata nyufa. Kisima kilicho kilomita moja upande ufa unakoelekea chaweza kukauka, na cha mita 300 upande mwingine kikabaki kama kilivyo. Ndiyo maana idadi ya visima hainisumbui sana. Nataka kujua viko wapi na vinapima tabaka gani.

Kama bomba lililo ndani ya visima vya kampuni lina matundu kutoka juu hadi chini, maji ya tabaka mbili yanachanganyika na kipimo hakisemi lolote la maana. Kama matundu yako chini tu, wanapima mwamba na hawajui chochote kuhusu kisima chako. Kinachotakiwa ni visima viwili viwili mahali pamoja: kifupi kwenye mwamba uliooza na kirefu kwenye nyufa, kila kimoja kikizibwa kwa bentonaiti (udongo mfinyanzi unaovimba ukilowa) ili maji yasipenye kando ya bomba. Kisha wavute kile kirefu mfululizo, ningesema saa 72, huku wakipima kifupi pamoja na visima vya majirani. Kifupi kikishuka kwa sababu ya pampu, maji yanakutana. Kisiposhuka, ni habari njema, lakini saa 72 haziwezi kusemea miaka mingi ya uchimbaji. Vipimo vya kawaida navyo viendelee mwaka mzima kabla ya mgodi, viguse masika na pia ukavu wa Januari na Februari.

Ubora wa maji ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Dhahabu ya Kakamega hukaa pamoja na pairiti na asenopairiti, madini ya chuma na salfa, la pili likiwa na aseniki pia. Mawe hayo yakitolewa nje, yakapata hewa na mvua, yanaweza kutoa asidi na sumu ya aseniki. Aseniki haina rangi wala ladha, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita. Salfeti, chumvi itokanayo na salfa ya mawe hayo, mara nyingi hupanda kabla maji hayajaonyesha asidi, kwa hiyo ipimwe kila mara. Zebaki nayo ipimwe sasa, kwa kuwa wachimbaji wadogo huitumia. Bila rekodi ya leo, uchafu wowote utakaoonekana kesho utabandikwa kwa wachimbaji hao wadogo, na hakuna atakayeweza kukanusha.

Wewe pia anza wiki hii. Weka alama ya rangi kwenye ukingo wa kisima, na kila wiki, alfajiri kabla hamjateka, teremsha kamba yenye uzito hadi iguse maji. Andika tarehe na urefu kwenye daftari. Waombe majirani wafanye hivyo, hasa walio mbali kidogo na mgodi, ili mwaka wa ukame usichanganywe na athari za pampu. Chifu au mwalimu akitia sahihi kila mwezi, daftari hilo litapata uzito mbele ya sheria.

Ripoti ya athari kwa mazingira ikifika NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, umma una haki ya kutoa maoni kwa maandishi. Dai visima viwili viwili, na matokeo yote yatolewe kwa wakazi. Kuvuta maji kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016, na huko pia pelekeni pingamizi. Ibara ya 70 ya Katiba inakuruhusu kwenda mahakamani haki ya mazingira safi ikiwa hatarini, bila kuonyesha kwamba mtu ameshapata hasara. Dai pia iandikwe kwenye masharti ya leseni ni kiasi gani cha kushuka kwa maji kitakachosimamisha pampu, na nani atakuletea maji kisima kikikauka.