Msanii, usikimbizane na wanaonakili nyimbo zako

Enzi za kanda nilifanya kazi kwenye kibanda cha muziki hapa Dar es Salaam. Mteja alileta kanda tupu na karatasi yenye orodha ya nyimbo anazozitaka, sisi tukamrekodia, kesho yake akapita kuchukua. Mtunzi hakuambulia kitu. Siku hizi vijana wananijia wakilalamika kwamba wimbo wao uko kwenye kila flashi mjini. Nawaambia tatizo hilo ni kongwe kuliko redio.

London, mwanzoni mwa karne ya 20, wachuuzi walitembeza mitaani nota za nyimbo zilizochapwa kwa wizi. Bunge likatunga sheria mwaka 1902, ikawa butu, likatunga nyingine mwaka 1906.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha pianola, yaani piano inayojipiga yenyewe kwa kufuata matundu kwenye gombo la karatasi. Viwanda vya Marekani vilitoboa nyimbo za watu bila kuwalipa. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya huko ikasema gombo lile si nakala, maana mtu hawezi kulisoma kama nota. (Wanasheria nao!) Sheria ya 1909 ikaja kivingine: mtunzi akisharuhusu wimbo wake utobolewe mara moja, kiwanda chochote kingine ruksa, ila kilipe senti 2 kwa kila gombo. Viwanda havikufungwa, vilipewa bili.

Paris walishaanza zamani. Mwaka 1847 mtunzi Ernest Bourget alikuwa mkahawani, wimbo wake ukapigwa, akagoma kulipia kinywaji: mnatumia kazi yangu bure, nami nakunywa bure. Mahakama ikampa haki, na mwaka 1851 ikazaliwa SACEM, chama kinachokusanya mirabaha ya watunzi, yaani malipo ya nyimbo zao kutumika, hadi leo.

Kwa hiyo mwenye flashi mwache. Hana cha kukulipa, na huenda ndiye atakayekata tiketi ya shoo yako. Nguvu zako zipeleke kwa anayeingiza hela kupitia wimbo: redio, baa, hoteli, kampuni ya matangazo. Huyo huwezi kumdai kwa maneno matupu. Sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kabla wimbo haujatoka, andikeni nani katunga mashairi, nani katengeneza biti, kila mmoja ana asilimia ngapi, kisha wote mtie saini. Fanyeni mapema, kwa sababu wimbo ukishapendwa, hata aliyewaletea maji studio atakumbuka kwamba kiitikio alitunga yeye.