Mpangaji mmoja akipakia video, jengo zima linakwama

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina nyumba ya vyumba 14 hapa Mwanga, Kigoma, na nimewawekea wapangaji WiFi. Laini ni Mbps 20 za kupakua na Mbps 5 za kupakia, ruta ni MikroTik. Jioni mtu mmoja akirusha video, au simu yake ikianza kuhifadhi picha zake mtandaoni, wengine hata ukurasa haufunguki. Nilimwekea kila mmoja kikomo cha kupakia kwenye Simple Queues (sehemu ya ruta ya kuweka vikomo vya kasi) lakini hakuna kilichobadilika. Nakosea wapi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Vikomo vyako yaelekea havifanyi kazi kabisa. Ruta ya MikroTik ikiwa na mipangilio ya kiwandani, kwa kawaida huja na sheria iitwayo fasttrack, ambayo hupitisha data njia ya mkato bila kugusa Simple Queues. Fungua WinBox, programu ya kompyuta ya kuisimamia MikroTik, nenda IP, Firewall, Filter Rules, tafuta mstari wenye fasttrack connection, ubonyeze alama ya X nyekundu kuuzima. Kisha iwashe ruta upya, maana miunganisho iliyokwisha kushika njia ya mkato huendelea nayo. Ruta itafanya kazi zaidi kidogo, ila kwa Mbps 20 hata ruta yao ndogo ya hAP lite haitatoka jasho.

Kwa nini kupakia kukijaa na kupakua kunakufa? Kila simu inapopakua hurudisha uthibitisho kwamba data imefika, na uthibitisho huo hupita njia ya kupakia. Ukikwama nyuma ya video ya mwenzako, upande wa pili hupunguza mwendo wa kutuma. Foleni hiyo hujipanga ndani ya modemu, ambako huna mamlaka nayo. Kazi yako ni kuihamishia kwenye ruta yako.

Sasa, usigawe 5 kwa 14. Ukimpa kila mtu kbps 350, video ya MB 100 itachukua dakika 38 hata saa nane usiku ambapo hakuna mwingine anayetumia. Weka dari moja juu ya wote, halafu ruta igawe sawa kwa wanaopakia wakati huo. Hiyo ndiyo kazi ya PCQ, aina ya foleni iliyomo ndani ya MikroTik.

Kwanza pima laini jioni, kompyuta ikiwa imeunganishwa kwa waya na wapangaji wamekatwa kwa muda. Pima mara kadhaa, chukua namba ya chini, kisha toa asilimia 10. Tuseme imebaki 4500k (yaani Mbps 4.5) kupakia na 18M kupakua. Dari ikiwa juu ya uwezo halisi wa laini, foleni inarudi kwenye modemu na umerudi ulikotoka. Kwa laini ya 4G hili ni gumu zaidi kwa sababu kasi hupanda na kushuka. Huko shusha dari zaidi.

Ingia Queues, Queue Types, ongeza aina mpya. Ipe jina pakia, Kind iwe pcq, Rate 2M, na uache tiki kwenye Src. Address peke yake. Pale kwenye Limit, punguza 50 KiB iwe 20, ili foleni ya kila mtu isiwe ndefu. Ongeza nyingine, pakua, Rate 0, tiki Dst. Address peke yake. Ukizigeuza tiki hizi, ruta haitatenganisha wapangaji.

Futa vile vikomo vya zamani. Kwenye Simple Queues unda kimoja tu: Target 192.168.88.0/24, au mtandao wako ulivyo, Max Limit ya upload 4500k, ya download 18M. Kwenye Advanced chagua pakia upande wa upload na pakua upande wa download. Mtu akiwa peke yake anapata 2M; wakiwa watatu, kila mmoja 1.5M.

Una kompyuta ya ofisi unayotaka kuilinda? Iundie foleni yake, tuseme 1M ya kupakia, iwe juu ya ile ya jumla, kwa sababu zinasomwa kuanzia juu. Lakini punguza ya jumla iwe 3500k. Hizi mbili hazihesabiwi pamoja.

Kama vyumba vya nyuma vinatumia ruta ya pili, hapo ndipo wengi hukwama. Ikifanya kazi kama ruta, wote walio nyuma yake huonekana kama anwani moja na hugawana fungu la mtu mmoja. Zima DHCP yake, yaani kazi ya kugawa anwani kwa vifaa, ipe anwani ya mtandao wako isiyotumika, na waya kutoka ruta kubwa uingie tundu la LAN (la mtandao wa ndani), si la WAN (la kupokea intaneti).

PCQ inahesabu vifaa, si watu: mwenye simu na laptopu ana mafungu mawili. Ukiona hiyo si haki, tumia Hotspot ya MikroTik, yaani ukurasa wa kuingilia mtandaoni, yenye jina na nywila kwa kila mpangaji, Shared Users 1, na Rate Limit 1M/3M kwenye User Profile. Namba ya kwanza ni ya kupakia, kwa kuwa ruta huhesabu inachopokea kutoka kwa mteja kabla ya inachomtumia.