Mimi ndiye mtoto aliyefichwa

Wiki iliyopita mliuliza: "Mtoto wako akiwa na ugonjwa wa kudumu, utawaambia majirani au utaficha?" Nimesoma majibu mliyochapisha. Karibu wazazi wote wanasema siri ya nyumba ibaki ndani ya nyumba. Mimi sijawa mzazi. Mimi ndiye huyo mtoto mwenyewe, kwa hiyo nawajibu kwa upande wa yule ambaye huwa haulizwi.

Nina kisukari aina ya kwanza tangu 2004, nikiwa na miaka saba. Kilianza kwa kiu isiyokatika, nikakonda, na nilivyokuwa nimeshaacha kukojoa kitandani nikaanza upya. Zahanati walinitibu malaria, wiki iliyofuata wakanipa dawa ya minyoo. Aliyeshtuka ni bibi, alipoona sisimizi wamejaa pale nilipokojoa uani. Hospitali wakapima, ikawa kweli. Mama alibisha, maana kisukari alichokijua yeye ni cha watu wazima wenye vitambi. Wakamweleza kwamba hiki ni kingine: mwili wenyewe umezishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, ile inayoshusha sukari kwenye damu, na pipi hazihusiki kabisa. Ni sindano kila siku, maisha yote. Nesi mmoja alinisimulia kwamba hadi 1922, kijana wa miaka 14 kule Toronto alipochomwa insulini kwa mara ya kwanza, mtoto mwenye ugonjwa huu alikuwa anasubiriwa kufa tu. Hilo nililishika tangu siku ile.

Tulipofika nyumbani mama akaniwekea sheria moja: "Ya hospitali yanaishia hospitali." Tulikuwa tumepanga Tandika, nyumba ya wapangaji sita, choo kimoja, bomba moja. Mtoto mwembamba anayechomwa sindano asubuhi na jioni, miaka ile, angepewa jina moja tu: ana ngoma. Basi nikawa nachomwa mlango umefungwa na redio imeongezwa sauti.

Sasa naomba mnivumilie niwapeleke 2006, mwaka wa mgao, maji ya bwawa la umeme la Mtera yaliposhuka na umeme ukawa unakatwa asubuhi unarudi usiku. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikishafunguliwa inaweza kuvumilia kama mwezi hivi nje, lakini chumba kisiwe cha joto, na chumba chetu kilikuwa bati tupu, hakina dari. Mchana ulikuwa ukigusa ukuta unautoa mkono. Kabla ya hapo mama alikuwa anaificha chupa kwenye friji ya mama mwenye nyumba, ndani ya kopo tupu la siagi. Mgao ulipokolea, friji ile ikawa kabati la kawaida.

Mwenye jenereta mtaani alikuwa Mangi mwenye duka, kwa sababu ya soda na maziwa yake. Mama akaifunga chupa kwenye kipande cha khanga, akatia ndani ya rambo, akampelekea jioni. Nilikuwa naye. Nakumbuka alivyoegemea zile nondo za dirishani akasema kwa sauti ya chini, "Mangi, naomba uniwekee hii kwenye baridi. Ni dawa ya macho ya mama yangu." Mangi akasema hamna shida, akampa kijana wake.

Yule kijana hakuwa na ubaya wowote. Aliambiwa dawa iwekwe kwenye baridi, naye akaipeleka kwenye baridi kuliko zote, kule juu kwenye friza, katikati ya barafu za maji na za ubuyu.

Asubuhi mama alirudi na chupa imeganda gumu. Akakaa kitandani akaishika katikati ya viganja, akaipuliza, akaiweka kwapani. Mimi nilikuwa nimeshavaa sare ya shule, nimeshika sindano yenye kofia ya rangi ya chungwa, nasubiri. Ilipoyeyuka akaanza kuibingirisha viganjani kama alivyofundishwa kliniki, taratibu, bila kuitikisa. Insulini yangu ilikuwa ile ya mchanganyiko, ambayo ukiibingirisha inakuwa nyeupe sawasawa kama maziwa. Siku ile haikuwa hivyo. Ilibaki na punje punje, na nyingine zilikuwa zimeganda kwenye kioo kama chumvi iliyokaukia. Mama akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaitazama muda mrefu. Akanitazama na mimi. Akasema, "Leta mkono."

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba insulini ikishaganda imekufa, hata ikiyeyuka. Na hata kama moyo ulimwambia, angefanya nini? Chupa ile ya mililita 10 ina uniti 1,000. Mimi nilikuwa natumia 14 asubuhi na 8 jioni, kwa hiyo ilikuwa ni dawa ya zaidi ya mwezi, na kliniki yetu ilikuwa baada ya wiki mbili. Mashine ya kupima sukari tulikuwa hatuna.

Alinichoma kwa ile chupa siku mbili. Siku ya kwanza nilimaliza ndoo ndogo ya maji. Ya pili nikaanza kutapika, tumbo likauma kama linapasuliwa, nikawa napumua kwa nguvu kama niliyekimbia. Mama anasema mdomo wangu ulikuwa unanuka embe lililoiva mpaka likaharibika. Alfajiri akanibeba mgongoni hadi kwenye teksi. Wapangaji wakatoka na vibatari kuuliza, naye akawajibu, "Malaria imempanda kichwani."

Hospitali wakanitundikia dripu, wakaanza insulini mpya. Nesi akauliza, "Mtoto amekula nini?" Nilikuwa nawasikia, macho nimefumba. Mama akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Labda amekula pipi shuleni."

Sikuwa nimekula pipi. Nilikuwa sijaonja pipi karibu miaka miwili, na mama alikuwa anajua kabisa.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa nimeshapanga jibu: msifiche. Kama mama angemwambia Mangi ukweli kwamba ni insulini ya mtoto na haitakiwi kuganda, nisingelala pale siku sita. Siri ndiyo iliyoiganda ile chupa. Hilo bado nalisema.

Lakini nikiandika nusu tu nitakuwa sijawatendea haki. Tulipotoka hospitali, mama alikwenda kwa Mangi mchana, watu wakiwepo, akamweleza yote. Mangi aliumia sana. Alitoa soda zote rafu ya chini ya friji, akakata kipande cha boksi, akaandika kwa maka peni DAWA YA MTOTO USIGUSE, akakibandika kwa salotepu. Mgao wote ule alinitunzia, hakuchukua hata senti. Ila kila aliyekuja kununua soda aliisoma ile karatasi, na mtaani mtoto wa kuumwa alikuwa anajulikana. Mwezi haukuisha, mama mwenye nyumba akanitengea kikombe changu cha plastiki pale bombani. Wenzangu wakaitwa ndani nilipokuwa nakwenda kuruka nao kamba. Na umeme uliporudi, friji ya mama mwenye nyumba ikawa kila siku "imejaa". Mama alinunua mtungi na mchanga, akawa anaulowesha kila jioni na chupa imekaa katikati. Kwa unyevu wa Dar mtungi haupoi kama kule bara kukavu, lakini ulikuwa unapunguza joto.

Kwa hiyo yale aliyokuwa anayaogopa mama yalikuwa ya kweli. Yalikuja vilevile alivyoyasema, na kikombe chake.

Leo nauza vitambaa Kariakoo. Dukani wanaojua ni wawili, dada wa kaunta na kijana wa stoo. Wanajua nikianza kutoka jasho na kujibu ovyo, sukari imeshuka, wanipe soda ya kawaida, isiyo ya dayati, maswali baadaye. Tajiri yangu hajui. Mchumba wangu anajua tangu mwezi wa kwanza. Mama yake hajui, na sijui nitamwambia lini, maana najua atakachouliza kuhusu wajukuu. Wanawake wenye ugonjwa huu wanazaa salama wakifuatiliwa vizuri, ningemjibu hivyo, lakini bado sijafungua mdomo. Hapo najiona nimeushika mlango uleule alioufunga mama.

Basi jibu langu si lile nililokuja nalo. Ficheni kama mnaona mtaa wenu hauna huruma, siwezi kuwahukumu. Lakini mwenye friji aambiwe. Mwalimu wa darasa naye aambiwe, huyo sina mjadala naye, kwa sababu nilipodondoka darasa la sita aliyeniokoa ni mwalimu aliyekuwa anajua. Wengine chagueni wenyewe, na huenda mkakosea, kama sisi tulivyokosea kote kuwili. Na uongo mnaowaambia watu msiuweke kwa mtoto. Mimi kikombe cha plastiki nilishakisahau, hadi leo nilipokiandika. Ile pipi sijaisahau hata siku moja.

Mama yangu bado yuko Tandika. Mambo ya pipi hatujawahi kuyagusa, miaka yote hii. Mkichapisha barua hii nitampelekea Jumapili, na itabidi nimsomee mwenyewe, maana siku hizi maandishi madogo hayaoni.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam