Pumu na kuhamia mwinukoni: yaliyonikuta mimi

Ndugu uliyeuliza kama pumu itakuzidi ukihamia mita 2,400 juu ya usawa wa bahari: nina pumu tangu utotoni na nimeishi miaka sita kwenye mwinuko kama huo. Inategemea pumu yako huamshwa na nini.

Kule juu oksijeni ni ile ile asilimia 21 ya hewa. Kinachoshuka ni mgandamizo, kwa hiyo kila pumzi inakupa kama robo tatu tu ya unachozoea. Wiki ya kwanza ngazi zilinihemesha, nikadhani pumu imerudi, nikawa napuliza inhela ovyo. Haikusaidia, maana mirija ya hewa haikuwa imebana! Pumu hupiga miluzi kifuani, na kutoa pumzi ndiyo kazi. Hewa nyepesi hukuhemesha kifua kikiwa kimya, ukiketi unatulia. Baada ya wiki kadhaa mwili huongeza chembe nyekundu za damu. Mwezi wa pili ngazi nilishazisahau.

Kinachonisumbua mimi hasa ni utitiri wa vumbi, vile vidudu visivyoonekana vya kwenye magodoro, na utitiri haustawi kwenye hewa kavu ya juu. Davos kule Uswisi, mita 1,560, palijulikana kwa wagonjwa wa kifua kikuu, kisha wa pumu pia wakawa wanapelekwa. Mimi nililala hadi asubuhi bila kukohoa, kitu nilichokuwa nimekikatia tamaa.

Ila baridi ilipoingia nililipia. Nikikimbia alfajiri kifua kinabana, mpaka nilipoanza kujifunga skafu puani. Halafu tukafunga madirisha na kuwasha jiko la mkaa ndani. Shambulio baya kuliko yote niliyopata huko lilitokana na lile jiko. Kaboni monoksidi hukalia nafasi ya oksijeni kwenye damu, na huko oksijeni yenyewe ni ya kubana matumizi. Usithubutu.

Kipima oksijeni cha kidoleni kikisoma asilimia 93 umetulia, usikimbilie hospitali. Kwa mwinuko huo ni kawaida. Kikizidi kushuka huku unahema, nenda. Mwenye mapafu yaliyoharibiwa na sigara, au shida ya moyo, amwone daktari kabla hajafunga mizigo.

Na dawa ya kila siku usiiache kwa sababu unajisikia vizuri. Niliiacha miezi mitatu, kisha nikashuka pwani likizo, kwenye unyevu na utitiri. Siku ya pili nilikuwa nimewekewa mashine ya kuvuta dawa kama mvuke.