Hicho kirusi ni kipi? Kwa wanaoanza kutafuta dawa za VVU sugu

Kila mwanafunzi mpya huja na namba moja anayoipenda: kiasi cha kampaundi yake kinachopunguza kuzaliana kwa kirusi kwa nusu. Ikiwa ndogo, anatabasamu. Mimi humuuliza jambo moja tu: hicho kirusi ni kipi? Mara nyingi jibu ni NL4-3, kirusi cha maabara cha tangu miaka ya 1980, cha aina ndogo B. Kujifunzia kinafaa sana, kinakua vizuri wala hakisumbui. Lakini Tanzania, Kenya na Uganda wagonjwa wengi wana aina ndogo za A1, C na D, au mchanganyiko wa hizo, na wanaohitaji dawa mpya kuliko wote ni wale ambao kirusi chao kimeshazoea za zamani. Dawa za kuizima NL4-3 tunazo, tena nyingi.

Kwa hiyo kabla hujauliza kampaundi yako ina nguvu kiasi gani, uliza kirusi kitaikwepa kwa njia ipi.

Kitaikwepa, hilo usiwe na shaka nalo. VVU hunakili RNA yake kuwa DNA kwa kimeng'enya kisichorudi nyuma kusahihisha makosa. Jenomu yake ina herufi kama 9,700, na ndani ya mtu asiyetumia dawa huzaliwa virusi vipya mabilioni kila siku. Piga hesabu mwenyewe: karibu kila badiliko la herufi moja lipo mwilini hata kabla kidonge hakijamezwa. Tuliliona hilo hapa hapa kwetu. Mwaka 1999 matokeo ya utafiti wa HIVNET 012, uliofanyika Kampala, yalionyesha kuwa dozi moja ya nevirapini kwa mama akiwa na uchungu, na moja kwa mtoto, inapunguza sana maambukizi. Ilikuwa habari njema kweli kweli. Baadaye damu ya baadhi ya akina mama hao ikakutwa na K103N, yaani asidi amino ya 103 ya kile kimeng'enya imegeuka kutoka laisini kuwa asparajini. Badiliko hilo moja linatosha kuangusha nevirapini na efavirenzi kwa pamoja.

Basi andaa virusi sugu mapema, usingoje mpaka msimamizi wako akuulize. Kundi dogo la virusi vyenye mabadiliko kama hilo linatosha kuanzia: K103N na Y181C kwa jamii ya nevirapini, M184V kwa lamivudini, K65R kwa tenofoviri, na siku hizi pia G118R, R263K na Q148H, maana dolutegraviri ndiyo iliyomo kwenye vidonge vya wagonjwa wetu wengi. Vipime pamoja na kirusi cha kawaida, pleti moja ya vipimo, siku moja, kisha gawanya namba ya kila kirusi sugu kwa ya kile cha kawaida. Ukikuta K103N inahitaji mara 50 ya kampaundi yako, umeitengeneza nevirapini upya kwa gharama kubwa. Na pleti ya Jumatatu usiilinganishe na ya Alhamisi. Seli zikishachoka kidogo, namba zote zinahama.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni kuchunguza dawa zilizofanikiwa. Chukua darunaviri, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006. Arun Ghosh na wenzake walitazama jinsi protiesi ya kirusi, kimeng'enya kinachokata protini zake, inavyozikwepa dawa: inabadili matawi ya pembeni ya asidi amino zake, lakini uti wa mgongo wa protini unabaki karibu pale pale. Wakabuni molekuli inayoushika huo uti wa mgongo kwa viunganishi vya hidrojeni, kwenye nafasi za 29 na 30. Muundo wake uko wazi kwenye Protein Data Bank, hifadhi ya mtandaoni ya miundo ya protini, bila malipo. Ufungue, uzungushe, uvihesabu hivyo viunganishi kwa macho yako. Etravirini ya 2008 ilipita njia nyingine: hupinda na kujigeuza, hivyo mfuko inamokaa ukibadilika umbo, nayo hutafuta mkao mpya. Dolutegraviri siri yake kubwa ni kung'ang'ania. Katika vipimo vya maabara, nusu ya molekuli zake huchukua saa 71 kukiachia kimeng'enya cha integresi, kile kinachopachika DNA ya kirusi kwenye ya seli, wakati raltegraviri huchukua saa 8.8.

Kuotesha kirusi kwa wiki nyingi huku ukipandisha dozi polepole ni kazi ya kuchosha, na wengi huikwepa. Usiikwepe. Ndiyo inayokuonyesha kirusi kitakimbilia wapi, na kwa gharama gani. Kwa lenakapaviri, inayoshambulia gamba la kirusi, badiliko la M66I huleta usugu mkali sana, ila kirusi chenyewe huzaliana kwa shida. Pima yote mawili, usugu na uzazi.

Sasa neno kwa wanaotumia mimea, maana ndio wengi kwetu. Dondoo yako ikizuia protiesi, na integresi, na kila kimeng'enya kingine unachokiwekea, usiite waandishi wa habari. Hizo huenda ni tanini, ambazo hung'ang'ania protini yoyote. Rudia kipimo ukiongeza albumini, protini ya kawaida ya damu, kisha ukiongeza sabuni laini ya maabara kidogo sana. Nguvu ikiyeyuka, hukuwa na dawa.

Lakini hata kampaundi safi ya mmea inaweza kukwama. Bevirimati ilitokana na asidi betuliniki, ikazuia kirusi kukomaa, ikafika majaribio kwa wagonjwa. Huko ikaonekana kwamba wengi hawaitikii, kwa sababu virusi vyao vilikuwa na tofauti za kiasili katika nafasi za 369 hadi 371 za protini ya Gag, na watu hao hawakuwa wamewahi kuionja. Mwaka 2010 ikaachwa. Kwa hiyo wiki hii, kabla hujaagiza kemikali yoyote, ingia kwenye hifadhi ya Los Alamos ya mifuatano ya jeni za VVU, chuja A1, C na D kutoka nchi zetu, ipange mifuatano hiyo sambamba, uone ni wangapi tayari wana asidi amino tofauti pale ambapo kampaundi yako inapaswa kushika.