Nyoka wa kahawia nyuma ya banda la kuku: tuliza panga kwanza

Mkuu, umesema umemkuta asubuhi nyuma ya banda la kuku, wa kahawia, urefu kama mkono wa mtu mzima, na jirani ameshakuhakikishia ni mtoto wa koboko, yule nyoka mwenye sumu kali. Picha uliyopiga ina ukungu, lakini kichwa kinaonekana. Kina mistari miwili iliyopauka kila upande, mmoja unapita juu ya jicho, mwingine chini yake. Huyo siyo koboko. Ni yule anayeingia majumbani kufuata panya na mijusi. Hana sumu, mawindo yake anayabana kama chatu. Jirani asikutie presha.

Naandika kirefu kwa sababu nimekaa miaka mingi Mkuranga, katikati ya mikorosho, na karibu kila ninachokijua kuhusu nyoka wa uani nimekijua kwa kukosea.

Kosa la kwanza ni kuanza na rangi. Koboko mwenyewe siyo mweusi kama watu wanavyodhani. Mwili wake ni kijivu, au rangi ya zeituni iliyochujuka. Weusi uko ndani ya mdomo, na ukishaonyeshwa huo mdomo hapo hakuna tena mjadala wa rangi.

Kosa la pili ni hii habari ya mboni na kichwa. Utasikia watu wanasema mwenye mboni ya wima kama ya paka ndiye mwenye sumu. Kwetu huku haifanyi kazi kabisa: huyo wako ana mboni ya wima na hana madhara, wakati swila, yule anayetema sumu, na koboko wana mboni za mviringo. Kichwa cha pembetatu, nacho wanachosema ni dalili ya sumu, kimeniaibisha. Kuna nyoka anayekula mayai tu, meno yake ni kama hayapo, lakini ukimbughudhi anatanua kichwa na kusugua magamba yake mpaka unasikia mkwaruzo kama mlio wa kifutu, ambaye ana sumu kweli. Niliua mmoja kwenye kiota cha kuku, nikatamba mtaa mzima kuwa nimeua kifutu. Mzee mmoja akamgeuza kwa fimbo, akanicheka.

Kifutu halisi ni mnene na mfupi, mgongoni ana alama kama herufi V zilizopangana, na mara nyingi hutambaa moja kwa moja kama jongoo. Tena hakukimbii. Anatulia pale pale, ndiyo maana watu wanamkanyaga usiku. Swila yeye anainuka, anatanua shingo, anatema, na analenga macho. Mbwa wangu alitemewa akiwa kama mita mbili kutoka kwake. Tulimmwagia maji ya bomba machoni karibu robo saa huku analia kama mtoto, akapona.

Wa kijani sitaki hata kubahatisha. Pwani kuna nyoka mwenye sumu kali aitwaye mamba wa kijani (siyo mamba wa mtoni) anayekaa kwenye miembe na mikorosho, kuna wembamba wasio na madhara wanaokula vyura, na kuna mwingine wa mitini mwenye macho makubwa, ambaye dume lake huwa la kijani. Huyo wa mwisho alimuua Karl Schmidt, bingwa wa nyoka wa jumba la makumbusho kule Chicago, mwaka 1957. Aliletewa nyoka mdogo amtambue, akamshika, akaumwa, akaona ni jambo dogo, akawa anaandika tu anavyojisikia. Kesho yake alifariki. Bingwa kabisa, mkuu.

Ila aliyenifundisha adabu ni mdogo kuliko wote. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, usiku tukaona kitu cheusi kinang'aa barazani, chembamba kama kamba ya kiatu. Shemeji yangu akasema ni hawa wanaoitwa nyoka wa vichwa viwili, wanaokula mchwa. Akamshika nyuma ya kichwa, vizuri tu, kama wanavyofanya kwenye video. Yule nyoka hakufungua hata mdomo. Alitoa jino pembeni, mdomo umefungwa, akamchoma kidole cha shahada kwa kurudisha kichwa nyuma. Nyoka wa namna hii wanaishi chini ya udongo, hutoka mvua ikinyesha, na hakuna namna salama ya kuwashika kwa mkono. Hospitali walituambia wazi kuwa dawa ya sumu ya nyoka haimsaidii aliyeumwa na huyu. Kidole kilivimba, kikawa cheusi, na leo hakina ncha.

Kwa hiyo picha piga ukiwa mita nne au tano, vuta kwa simu, usisogee wewe. Ninachohitaji ni kichwa kwa ubavu, mgongo, na kitu cha kupimia kama ndoo au tofali karibu naye. Hata aliyekufa usimshike, kichwa kilichokatwa bado kinaweza kung'ata. Na mtu akiumwa, achana na kufunga kamba, kuchanja, na lile jiwe jeusi wanalosema linanyonya sumu. Mvue pete, asitembee, mtafutie usafiri hospitali. Nyoka mwache huko huko.

Huyo wako wa kahawia mwache afanye kazi. Mimi wa kwangu anakaa chini ya mabati ya zamani karibu na stoo ya mahindi, na panya wamepungua sana. Mama watoto amemwona mara mbili. Mara zote mbili amehamia kwa dada yake kwa wiki nzima.