Akili mnemba imkague kocha kwanza

Siku hizi makocha wenzangu wa masuala ya kazi hapa Mwanza tukikutana huniuliza watumie programu ipi ya akili mnemba, ChatGPT au Gemini, ya bure au ya kulipia. Kwangu hilo ni swali dogo. Ninachowaomba waamue kwanza ni kazi yenyewe: unataka mashine imsaidie mteja wako, au ikusaidie wewe unayekaa mbele yake? Wengi hukimbilia la kwanza. Mimi faida kubwa nimeiona kwenye la pili.

Ninafanya ukocha wa kazini. Wateja wangu ni wasimamizi wa zamu viwandani, walimu wakuu, wauguzi viongozi wa wodi, na wafanyabiashara wa pale Mwaloni Kirumba ambao biashara ya dagaa imekua hadi wana watu wa kuwaongoza. Kocha wa namna hii hatoi majibu. Anauliza, anasikiliza, na mtu anaitafuta njia yake mwenyewe. Wengi tunajua ngazi nne zilizoenezwa na Mwingereza John Whitmore: lengo, hali halisi, njia zilizopo, na utayari wa kutenda. Kuzikariri ni rahisi. Kuzifuata kunatutoa jasho, kwa sababu tumelelewa kwamba mkubwa akiitwa, ameitwa ashauri. Ukimnyima mtu ushauri unaona kama umemnyima haki yake. Matokeo yake tunashauri kwa kuuliza.

Hapo ndipo akili mnemba inapofaa sana. Omba ruhusa ya mteja kurekodi kikao, kigeuze kiwe maandishi, ondoa kila kinachomtambulisha, kisha chukua kipande cha dakika kumi hivi uipe mashine na maelekezo ya wazi: "Nionyeshe maswali yangu ambayo tayari yana jibu ndani yake. Nionyeshe mahali mteja aliposema jambo zito nikalipita. Usinisifu." Usiiombe ihesabu maneno au maswali, maana kwenye kuhesabu inakosea hovyo, hesabu mwenyewe kwa kalamu. Kazi yake ni kukuonyesha mahali pa kutazama.

Kuna kocha kijana ninayemsimamia, na kwa ridhaa yake na ya mteja wake ninaeleza hili. Mteja alikuwa amesema: "Mimi kuongea mbele ya wale wazee, aah, siwezi tu." Kocha akajibu: "Sasa huoni kwamba ungemwambia meneja mapema ingekuwa rahisi?" Mashine iliiwekea alama sentensi hiyo na kueleza mambo mawili: swali limebeba ushauri, na "wale wazee" wameachwa bila kuguswa. Tulikaa kwenye mstari huo mmoja muda mrefu, tukijaribu maswali mengine kwa sauti. Lililobaki lilikuwa fupi: "Wale wazee ni akina nani?" Kikao kilichofuata alilirudia neno la mteja akauliza hivyo. Ikajulikana kwamba mmojawapo ni baba mkwe wa mteja. Mazungumzo yote yaliyotangulia kuhusu meneja yalikuwa pembeni ya tatizo.

Jambo moja kuhusu maandishi hayo. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi bado zinajikwaa kwenye Kiswahili chetu cha huku, hasa mtu akichomeka Kisukuma katikati ya sentensi au akiongea chini chini. Itakubidi usikilize upya na kusahihisha kwa mkono. Wengine wanaliona hilo kama usumbufu, mimi naliona kama nusu ya mafunzo: unausikia ukimya uliouvunja kabla mteja hajamaliza kufikiri, na ukimya huo programu nyingi haziuandiki.

Matumizi ya pili ninayoyapenda ni mazoezi ya mazungumzo magumu. Chukulia dada anayesimamia ununuzi wa dagaa, anayetakiwa kumwambia mzee mmoja, mkubwa kwake kwa umri na ndugu wa mwenye biashara, kwamba hesabu zake hazikai sawa. Ukiiambia mashine tu "igiza mzee anayeambiwa ana upungufu wa fedha", itakuletea bosi wa ofisini asiyesalimia, anayeingia kwenye mada moja kwa moja na kusema anashukuru kwa mrejesho. Mzee wa namna hiyo Kirumba hayupo. Inabidi uieleze mashine vizuri mzee huyo alivyo: anaanza kwa salamu ndefu, anauliza habari za nyumbani, akibanwa ananyamaza, na akisema anasema kwa mbali. Ipe na sentensi zake mbili tatu kama anavyozitamka. Ndipo dada anapoandika "Shikamoo baba, nina jambo la hesabu ningeomba tulitazame pamoja," na anajibiwa, "Mwanangu, mimi ziwa hili nimelijua wewe hujazaliwa. Nani kakutuma?" Jibu hilo linamkaza koo kweli, na linamfaa. Anajaribu tena na tena, na hakuna anayeaibika. Wewe kocha kaa kando umwangalie anasita wapi, kwa sababu hapo anaposita ndipo mtakapozungumza mkishaifunga simu.

Tahadhari kubwa ni tabia ya mashine hizi kukubali kila unachosema. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ililazimika kuondoa toleo jipya la ChatGPT baada ya watu kulalamika kwamba limezidi kusifia watumiaji. Tabia hiyo imepunguzwa, haijaisha. Mteja akiiandikia usiku akiwa na hasira kwamba anataka kuacha kazi kesho, ana nafasi kubwa ya kuambiwa ni mtu jasiri anayejithamini. Nawe ukiiandikia kwamba mteja wako ni mvivu, itakutafutia sababu za uvivu wake. Kwa hiyo nina kawaida ya kuitaka iseme upande wa pili: "Nimeamini hivi. Nipe maelezo mengine matatu yanayoweza kuwa kweli." Maelezo hayo sipeleki kwa mteja kama majibu. Yananisaidia kuingia kwenye kikao bila hukumu kichwani.

Na wateja wanaongea nayo, tusijidanganye. Hili halikuanza leo. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza programu yake ya ELIZA iliyokuwa ikirudisha maneno ya mtu kwa namna ya swali, na alishangaa jinsi watu walivyoifungulia moyo ingawa walijua ni kompyuta. Mtu anayeogopa siri yake kufika sokoni atafarijika na kitu kisicho na jirani wala shangazi. Siku hizi naanza kikao kwa kuuliza, "Jambo hili umeshaliongea na nani, hata na simu?" Wengi hutabasamu, kisha hueleza walichoambiwa, na tunakitazama pamoja bila kukidharau.

Kuhusu siri, kuficha jina peke yake hakutoshi katika ukanda huu. Ukiandika "mwalimu mkuu mwanamke wa sekondari fulani Ukerewe, aliyehamishiwa huko juzi baada ya mgogoro na bodi", abiria yeyote wa meli ya Nansio atakutajia jina. Badilisha jinsia, badilisha taasisi, badilisha wilaya, acha tu kile kinachohusu swali lako. Ukiona ukishabadilisha hayo swali linapoteza maana, basi swali hilo si la mashine. Lipeleke kwa kocha mzoefu anayekulea. Unachoandika kwenye programu hizi huenda kwenye kompyuta zilizo nje ya nchi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina masharti juu ya kusafirisha taarifa za mtu nje ya mipaka. Kwenye mipangilio ya ChatGPT kuna sehemu inayoruhusu mazungumzo yako yatumike kuifundisha; izime kabla ya kufanya lolote. Mteja naye aelezwe haya siku ya kwanza, kwa maneno ya kawaida, na akisema hataki, usirekodi wala usiandike chake humo.

Mwisho, mambo ya sheria za kazi. Mteja huja na jibu la simu lililopangwa vizuri, lenye siku za notisi na mafao, na ukilisoma unakuta limechanganya sheria za nchi mbili tatu. Hapa kwetu mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wake wa kwanza kazini, anastahili notisi isiyopungua siku 28 chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na akichelewa itabidi aombe kwanza kukubaliwa kuchelewa kwake, akitoa sababu. Kwa hiyo mtu akikujia na barua ya kuachishwa mkononi, mtazame tarehe ya barua kabla ya lengo lake la miaka mitano. Kikao chenu kinaweza kusogezwa wiki ijayo. Aende CMA kwanza.